Gi Kulia Si Nguvu

Jamani, tena wiki hii kwenye karate hapa Malindi, kuhusu kata, ule mfululizo uliopangwa wa hatua na mapigo: "Sensei, hizi kata ni madoido tu, tupe ngumi za nguvu." Kisha msemaji anakunja uso, anakaza mwili mzima kabla hata ngumi haijaondoka, na gyaku-zuki yake, ngumi ya mkono wa nyuma, inafika kwenye pedi imechoka.

Kiwiko hunyooshwa na msuli wa nyuma ya mkono. Ule wa mbele, mnaopenda kuutunisha, kazi yake ni kukikunja. Ukiukaza mapema unajifunga breki mwenyewe. Ngumi inakuwa nzito kwako wewe, si kwa anayepigwa, na inaonekana mbaya kwa sababu hiyohiyo.

Tazama fundo la mkanda. Kisigino cha nyuma kikanyage, fundo ligeuke kwanza, kiwiko kipite kikigusa mbavu, bega libaki chini, ngumi igeuzwe mwishoni kabisa. Unakaza inapofika, basi, unalegeza. Vitabu vingi husema kiuno na ngumi vimalize pamoja. Kwa macho ndivyo inavyoonekana, lakini kiuno huanza kupunguza mwendo ngumi ikiwa bado njiani; ndipo mkono unaporushwa. Anayejitahidi kuvifikisha pamoja huishia kusukuma. Pedi itayumba, naam, lakini aliyeishika hatasikia kitu mbavuni.

Wapenzi wa kata nanyi msicheke. Gi, vazi la karate, mmeitia wanga, mkaipiga pasi hadi inasimama yenyewe, ili kila mkono ulie "pwa!" Mlio ni wa kitambaa kusimamishwa ghafla. Ukiurudisha mkono kidogo kabla haujanyooka, gi hulia vizuri zaidi na pigo limekufa. Mvalishe fulana, umsikilize tena.

Kanuni za WKF, shirikisho la karate la dunia, zilizoanza 2019 ziliipa kata asilimia 70 kwa ufundi, 30 kwa nguvu, kasi na mizani. Watu wakasoma 70 wakaona urembo. Humo kwenye ufundi kulikuwa na kime, yaani kukaza pigo linapofika, na pumzi, na kwenda kwa wakati. Urembo gani huo?

Mchangani fanyeni mazoezi maji yakipwa, pale palipolowa na kushikamana. Kwenye mchanga mkavu mguu unazama, kisigino hakigeuki, goti ndilo linalogeuka badala yake. Hiyo si kujenga nguvu, ni kutafuta jeraha.

Kata ya Heian Shodan ina hatua 21 na kiai mbili, yaani ukelele wa pigo, hatua ya 9 na ya 17. Ifanye mara tatu: kwanza polepole, umelegea kabisa, pili kwa kasi, bila kukaza popote, tatu kwa kasi, ukikaza mwisho wa kila pigo tu. Kichwa kikipanda na kushuka katikati ya hatua, rudi ya kwanza. Halafu ngumi 10 kila upande kwenye pedi, papo hapo, kabla mwili haujasahau.

Imebaki hikite. Tunafundishwa kwamba mkono unaorudi nyongani humwongezea nguvu mwenzake. Sijashawishika. Mabondia hawaurudishi huko na wanaangusha watu. Kumvuta uliyemshika, hapo naielewa. Bado nitakudai uufikishe nyongani kila hatua, kwa kuwa ukining'inia ovyo bega linapanda, na bega likipanda kiuno kimefanya kazi ya bure.