Je, wajua kwa nini paneli ya sola iliyochoka husoma volti kamili?

Paneli ina miaka 12 juu ya paa, na betri haijai tena hata jua liwake kutwa. Fundi anapanda na maltimita, anagusa nyaya mbili, anasoma volti 20 na ushei, kisha anashuka na kutangaza kwamba paneli ni nzima, mbovu ni betri. Inanunuliwa betri mpya, nayo haijai. Kosa limeanzia kwenye kipimo: volti zilisomwa paneli ikiwa haina mzigo, yaani hakuna kifaa kinachotumia umeme wake, na volti za namna hiyo hubaki juu hata pale paneli inapokuwa imepoteza nusu ya nguvu zake.

Seli moja ya silikoni hutoa takriban volti 0.6, iwe pana kama sahani au ndogo kama ukucha. Mwanga huamua zaidi ampea, yaani wingi wa mkondo. Mwanga unaoifikia seli ukipungua kwa nusu, ampea hushuka kwa nusu, ilhali volti zake hushuka kwa milivolti 18 hivi tu. Kwa paneli ya seli 36, jumla ya upungufu huo haifiki volti 1 kati ya 22. Joto la mchana hula zaidi ya hapo. Volti hupungua kwa asilimia 0.3 hivi kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi juu ya 25, kwa hiyo seli zikifika nyuzi 55, paneli iliyoandikwa volti 22 itasoma 20 ikiwa na afya tele. Dalili ya uzee humezwa na joto, na maltimita haiwezi kuvitenganisha.

Kuna ugonjwa wa pili unaojificha vilevile, nao ni ukinzani, yaani kizuizi cha mkondo kinachopimwa kwa omu. Lehemu za tepe zinazounganisha seli huchoka kwa kutanuka mchana na kusinyaa usiku, mwaka baada ya mwaka. Tuseme kiungo kimoja kimeongeza omu 0.3. Umeme usipotembea, omu hizo hazipunguzi volti hata kidogo. Paneli ikitoa ampea 5.5, zinameza volti 1.65 na kugeuza wati 9 kuwa joto, tena mahali padogo kama punje ya mahindi. Ndiyo maana kisanduku cha nyaya mgongoni mwa paneli huungua siku ambayo volti zake bado zinasomeka vizuri.

Kabla ya kupima chochote, osha kioo kwa maji matupu asubuhi, kikiwa bado baridi, maana maji baridi juu ya kioo cha moto yanaweza kukipasua. Ondoa kila kivuli, hata cha waya wa antena. Vumbi na kivuli husingiziwa uzee mara nyingi kuliko tunavyokubali.

Sasa tafuta ampea za shoti, yaani mkondo unaopita waya chanya na hasi zikiunganishwa moja kwa moja. Paneli moja iliyotenganishwa na mfumo haidhuriki kwa kipimo hiki cha sekunde chache. Hatari ni cheche wakati wa kuunganisha na kuachanisha, kwa sababu umeme wa mkondo mnyoofu (DC) ukishawaka cheche hauzimiki upesi. Ifunike paneli kwa blanketi zito, unganisha, funua, soma, funika tena ndipo utenganishe. Usijaribu hivyo kwenye paneli kadhaa zilizofungwa kwa mfululizo; volti zake zinaua. Maltimita nyingi zina kikomo cha ampea 10, na paneli kubwa za siku hizi hukivuka, hivyo mita ya kubana waya ni bora, mradi iwe ya kusoma mkondo mnyoofu, kwani nyingi husoma ule wa gridi pekee.

Ampea peke yake hazina maana bila kujua ukali wa jua. Namba zilizo kwenye kibandiko zilipimwa kwa wati 1000 za mwanga kwa mita ya mraba na seli za nyuzi 25. Jua likiwa wati 800, paneli ya ampea 6 inapaswa kutoa 4.8. Usipokuwa na kipima mwanga, linganisha na paneli mpya ya aina ileile, kwa mlalo uleule na dakika ileile. Kwangu njia hiyo inatosha kabisa. Inaondoa ubishi wa joto na mawingu kwa pamoja.

Kisha ipe mzigo. Paneli ya wati 100, volti 18 na ampea 5.56, katika jua hilo la wati 800 na seli za nyuzi 55, ifungie kipinga cha omu 3.5 kinachostahimili zaidi ya wati 100. Soma volti na ampea, uzizidishe. Paneli nzima itatoa wati 70 hivi, na hiyo ndiyo haki yake kwa joto na mwanga huo. Anayeilaumu kwa kutofika 100 anaionea.

Ampea za shoti zikiwa pungufu, tazama uso wa paneli. Plastiki iliyozibana seli chini ya kioo hugeuka njano, kisha kahawia, kwa kuchomwa na mionzi ya urujuanimno. Mara nyingi rangi hukolea katikati ya seli na kingo zikabaki safi, kwa kuwa oksijeni inayopenya pembeni huifuta. Plastiki hiyohiyo ikioza hutoa asidi, ileile iliyo ndani ya siki, nayo hula mistari myembamba ya fedha iliyo juu ya seli. Michirizi inayofanana na njia ya konokono huashiria nyufa ndogo zilizopitisha unyevu. Michirizi yenyewe haili wati nyingi, ila huonyesha seli ilipopasuka.

Ampea zikiwa nzuri lakini nguvu chini ya mzigo hazifiki, shuku lehemu, viunganishi na kisanduku cha nyaya. Gusa kwa macho kwanza: plastiki iliyoyeyuka au kuwa nyeusi haihitaji kipimo. Mwenye kamera ya joto ataona mengi zaidi, paneli ikiwa inafanya kazi kwenye jua kali. Seli nzima hutofautiana kwa nyuzi chache tu. Inayowazidi wenzake kwa nyuzi 20 imeacha kuzalisha na inakula umeme wa jirani zake.

Volti zikishuka ghafla kwa sehemu kamili, kama theluthi, hilo ni la dayodi, kijisehemu kinachoupitisha mkondo kando ya seli zilizokwama. Paneli ya seli 60 huwa na dayodi tatu, kila moja ikilinda seli 20. Moja ikiingia shoti, theluthi nzima hupotea: volti 38 huwa 25 hivi. Dayodi iliyokatika ni mbaya zaidi, kwani haionekani kwenye volti mpaka kivuli kianguke na seli iungue. Ijaribu kwa kufunika seli moja kabisa paneli ikiwa kwenye mzigo. Dayodi nzima huruhusu mkondo upite kando, na kinachopungua zaidi ni volti.

Kuna kipimo kimoja cha alfajiri ninachokipenda. Soma volti jua likiwa bado dhaifu, paneli kadhaa pamoja. Nzima zitakuwa tayari zimepanda karibu na kiwango chao. Ile inayovuja kwa ndani itabaki nyuma sana, ingawa saa sita mchana itasoma sawa na wenzake. Kwenye mifumo ya volti 600 hadi 1000, paneli za upande wa hasi ndizo huugua hivi zaidi, kwa sababu volti hizo kubwa husukuma sodiamu ya kioo hadi ndani ya seli.

Uzee wa kawaida ni kama asilimia 0.5 kwa mwaka, na watengenezaji wengi huahidi asilimia 80 au zaidi ya nguvu za awali baada ya miaka 25. Kupoteza asilimia 6 kwa miaka 12 ni sawa. Kupoteza asilimia 20 kwa miaka mitano ni ugonjwa, na dhamana idaiwe.

Paneli iliyopungua ampea usiiache kwenye mfululizo na nzima, kwa kuwa itawabana wote kwenye kiwango chake. Ipe kidhibiti chaji chake. Lakini ukipitisha kidole mgongoni ukatoka na unga mweupe, tafuta nyufa. Zikiwapo, pima ukinzani wa kihami paneli ikiwa imeloa. Kwa kiwango cha kimataifa cha kupima paneli, IEC 61215, megaomu (omu milioni) zikizidishwa na eneo la paneli kwa mita za mraba zinapaswa kufika 40, hivyo paneli ya mita za mraba 1.6 haipaswi kushuka chini ya megaomu 25. Ikishuka, iteremshe hata kama inatoa wati zake zote, kwa sababu mvua ikinyesha fremu yake inaweza kumpiga shoti atakayeishika.