Kalavati la kupitisha samaki si kalavati kubwa

Kalavati ni bomba au njia ya kupitishia maji ya mto chini ya barabara. La kupitisha samaki ni lile ambalo samaki wa mto husika, wakubwa kwa wadogo, wanaweza kulivuka kwenda juu na kurudi chini katika misimu wanayosafiri. Basi. Utata huanza mtu anaposema: "Tumeweka bomba la mita 1.5, samaki watapita tu."

Bomba hilo limepimwa kwa mafuriko, na hesabu yake huenda ni sahihi kabisa: barabara haitakatika. Ila samaki wengi hawangoji kilele cha mafuriko ndipo wasafiri. Hata katika maji ya kawaida ya msimu, mto wa mita 3 ukibanwa kwenye mita 1.5 maji hukimbia, na ndani ya bomba laini hakuna jiwe la kupumzikia. Yakitoka, huchimba shimo mdomoni, sakafu ya mto inashuka, na baada ya misimu kadhaa bomba linaning'inia. Salmoni mkubwa ataruka sentimita 20. Kinda la sentimita 6 litabaki chini, nalo hupanda mto kutafuta maji tulivu.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2013 mahakama iliamuru jimbo la Washington, Marekani, libadilishe mamia ya makalavati. Kesi ilitokana na haki ya uvuvi ya makabila ya wenyeji, iliyomo katika mikataba ya miaka ya 1850.

Kanuni inayotumika huko: upana wa sakafu ndani ya kalavati ni upana wa mto, kingo hadi kingo maji yakikaribia kufurika, mara 1.2, kisha ongeza mita 0.6. Mto wa mita 3 unadai mita 4.2. Usipimie jirani na bomba la zamani: juu yake mchanga umejazana, chini yake pamechimbika, na vipimo vyote viwili vitakudanganya. Bomba la duara huzikwa asilimia 30 hadi 50 ya kimo chake, likajazwa mawe na kokoto zilizochanganywa na mchanga na udongo laini. Wengi husahau huo udongo. Kiangazi maji yote huzama kati ya mawe na juu panabaki pakavu.

Uzuri wa njia hii ni kwamba huhitaji kujua samaki anaogelea kwa kasi gani. Ndani kukifanana na mto wenyewe, anayeuweza mto ataliweza kalavati. Hilo lina uzito kwa ningu, samaki anayepanda mito ya Ziwa Victoria kutaga wakati wa mvua. Vibao vya kupunguza kasi ndani ya bomba vinahitaji hesabu ya samaki mahususi, tena hunasa magogo.

Kwa hiyo kalavati lililohimili masika yote tuliite kalavati lenye uwezo wa kutosha. "La kupitisha samaki" tungoje kwanza mtu ashuke kuangalia mdomo wa chini, maji yakiwa ya kawaida.