Je, wajua kwa nini uzio wa baadhi ya magorofa ya London una mikunjo minne?

Ukipita kusini mwa London, mitaa ya Peckham, Deptford, Brixton, Oval, au ukipanda kile kilima cha Dog Kennel Hill, utakuta magorofa ya zamani ya matofali yaliyozungushiwa uzio mweusi wa chuma. Ukiutazama juujuu hauna ajabu yoyote: bomba moja juu, jingine chini, katikati wavu wa waya, kipande kikifuata kipande hadi kwenye kona ya jengo. Watu hufungia hapo baiskeli zao, basi.

Sasa litazame vizuri bomba la juu. Karibu na kila mwisho wa kipande limekunjwa, likatokeza kama goti, kisha likarudi kwenye mstari wake. La chini nalo ni vivyo hivyo. Kila kipande kina mikunjo minne, na uzio hauna haja na hata mmoja. Fundi gani atapoteza muda kukunja bomba mara nne bila sababu, tena kwa vipande chungu nzima?

Kilaze kile kipande chini, hata kama ni kwa mawazo tu. Mikunjo inageuka miguu. Ncha za mabomba zinakuwa vishikio, na wavu unakuwa kitanda. Hiyo ni machela, na huenda imewahi kubeba mtu aliyefukuliwa kwenye kifusi.

Machela hizi hazikuwa za jeshi hasa. Zilitengenezwa kwa ajili ya huduma ya raia ya kujihami na mashambulizi ya ndege, iliyojulikana Uingereza kwa kifupi cha ARP. Katika miaka ya 1930 serikali iliona vita vinakuja, na mabomu ya kawaida hayakuwa hofu yake pekee. Iliogopa gesi. Watu walikuwa hawajasahau Ypres, mji wa Ubelgiji ambako Wajerumani walifungulia klorini tarehe 22 Aprili 1915, wala gesi ya haradali iliyofuata mwaka 1917. Ilipofika Septemba 1938, Waingereza walikuwa wamekwisha kugawiwa vinyago vya gesi milioni 38 hivi.

Gesi ya haradali, licha ya jina, kwa kweli ni majimaji yanayong'ang'ania. Yakidondokea turubai, yanapenya kwenye nyuzi. Yakidondokea mbao, yanazama. Mgonjwa anayefuata akilazwa juu ya turubai lile, naye anaungua ngozi. Kwa hiyo machela ya kawaida ya mbao na turubai ingekuwa balaa. Hii ya chuma unaimwagia maji na dawa, unaisugua, unaitumia tena. Zaidi ya 600,000 zilitengenezwa. Gesi yenyewe haikuja. Yaliyokuja ni mabomu: kuanzia tarehe 7 Septemba 1940 London ilipigwa karibu kila usiku kwa siku 57, na machela zikapata kazi tofauti na ile iliyokusudiwa.

Kinachonifurahisha katika kifaa hiki ni ile miguu. Miguu ilihitajika ili mbebaji apate nafasi ya kupenyeza vidole chini ya kishikio, na majeruhi asilale kwenye maji na vioo vilivyovunjika. Njia ya kawaida ingekuwa kuchomelea vipande vinne vya chuma. Hapa miguu haikuchomelewa: bomba lenyewe limekunjwa kuwa mguu. Hakuna bawaba ya kukwama, hakuna skrubu ya kupotea. Tena haikunjiki hata kidogo, na hilo peke yake linakuambia haikubuniwa kwa ajili ya askari wa mstari wa mbele. Askari huibeba machela tupu maili nyingi kabla ya kumpata wa kumlaza, kwa hiyo lazima ikunjike. Ya mjini hupangwa stoo moja juu ya nyingine ikisubiri king'ora.

Hapo ndipo wakusanyaji wa vifaa vya vita wanapoanzia. Wakiletewa machela kuukuu, hawaulizi kwanza ni ya nchi gani, wanauliza inakunjwaje. Ile ya Kiingereza iliyotumika vita vya kwanza hufuata mtindo wa John Furley, mmoja wa waasisi wa huduma ya St John Ambulance: miti miwili ya mbao, turubai kati, na vyuma vyenye bawaba vinavyoiachanisha miti au kuikutanisha. Ikiwa ilikuwa mali ya serikali, tafuta muhuri wa mshale mpana, mistari mitatu inayokutana juu kama wayo wa kuku, mara nyingi ukiwa na mwaka pembeni. Kama ni ya Kimarekani ya kukunja, chukua futi: urefu wote ni sentimita 229 hivi na sehemu ya kulalia kama 183. Vipimo vilipangwa vifanane ili machela iliyotoka uwanjani iingie moja kwa moja kwenye gari au ndege bila mgonjwa kuhamishwa.

Nikiri hapa kwamba neno letu lenyewe lina safari yake. Wareno wa Msumbiji walikuwa na *machila*, kitanda cha kitambaa kilichoning'inizwa kwenye mti na kubebwa mabegani. Aliyebebwa hakuwa mgonjwa, alikuwa bwana mkubwa. Sisi leo tukisikia machela tunawaza hospitali tu.

Turudi London. Machela ziligeukaje uzio? Kuanzia mwaka 1941 reli za chuma za bustani na za mbele ya nyumba zilikatwa ili ziyeyushwe kwa mahitaji ya vita. (Kiasi gani kiliyeyushwa kweli, watu wanabishana hadi leo.) Vita vilipokwisha, halmashauri ya London ilikuwa na majengo yasiyo na uzio upande mmoja, na upande mwingine lundo la machela zisizo na wa kumbeba. Wakazisimamisha kwa ubavu, wakazichomelea kwenye nguzo, wakapaka rangi.

Rangi hiyo sasa ndiyo inayozificha, na kutu ndiyo inayozimaliza. Unyevu huingia pale waya unapogusa bomba. Wavu unaanza kutoboka, na mara nyingine nguzo mbili zinabaki zimeshika mabomba matupu. Baadhi ya halmashauri huona ni rahisi kung'oa na kuweka uzio mpya. Kuna chama kidogo kiitwacho Stretcher Railing Society kinachozitafuta mtaa kwa mtaa na kuzipigania zising'olewe. Ukitaka kuwasaidia, usidanganywe na wavu, kwa maana uzio wa wavu uko kila mahali. Pitisha mkono juu ya bomba mpaka uguse goti.