Kwa nini Kenya ina kaunti 47, na sio 42 wala 50?

Ukitembea Mombasa utakutana na 001 kila kona, imechorwa kwenye matatu, imechapishwa kwenye fulana, vijana wanaibandika mwisho wa majina yao mitandaoni, na mtu akikwambia "mimi wa 001" ushajua katokea wapi. Namba hiyo inatoka kwenye Jedwali la Kwanza la Katiba ya Kenya ya 2010 ambalo limeorodhesha kaunti zote kuanzia Mombasa ya 1 hadi Nairobi ya 47. Sasa swali ambalo watu wengi hawalijui jibu lake, na wengi wanaodhani wanalijua wanalijibu vibaya, ni hili: kwa nini 47?

Jibu linalosikika sana ni la makabila. Utaambiwa Kenya ina makabila 42, basi wakubwa wakagawa kila kabila kaunti yake halafu wakaongeza mbili tatu kwa ajili ya miji. Linaingia akilini haraka lakini haliendani na ramani hata kidogo. Wakuria hawana kaunti yao, wako ndani ya Migori. Wateso wako Busia pamoja na Waluhya. Wambeere wako Embu. Wamijikenda, ambao ndani yao kuna jamii tisa, wamegawanyika zaidi kati ya Kilifi na Kwale. Halafu upande wa pili, Wakikuyu wana kaunti kadhaa eneo la kati peke yake, na Wajaluo ndio wengi Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori. Kama hesabu ilikuwa kabila moja kaunti moja, basi aliyeipiga hakumaliza. Na hata hiyo 42 haikukaa, Wamakonde na Wakenya wenye asili ya Kihindi walitambuliwa rasmi kama makabila baada ya katiba kupita, na hakuna kaunti iliyoongezeka kwa sababu hiyo.

Jibu la pili ni la wasomi kidogo, kwamba walikaa wataalamu wakaangalia idadi ya watu na ukubwa wa ardhi wakagawa kwa hesabu. Hili nalo ukilipima linaanguka. Sensa ya 2009, ambayo ndo ilikuwa mpya wakati katiba inaandikwa, ilihesabu watu 101,539 Lamu, na Nairobi 3,138,369. Hizo zote ni kaunti moja moja, kila moja na gavana wake na seneta wake. Kwenye ardhi ndo usiseme, Mombasa haifiki kilomita za mraba 300 wakati Marsabit inakaribia 70,000, yani Marsabit peke yake ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi ukiziunganisha. Hakuna mtu anayepiga hesabu ya usawa akaishia hapo.

Na wapo wanaosema Mombasa ikapewa 001 kwa heshima, kwa kuwa ni mji wa zamani. Ukongwe wa Mombasa haubishaniwi, lakini ukiisoma ile orodha taratibu utaona inafuata mikoa ya zamani mmoja baada ya mwingine: 1 mpaka 6 ni Pwani, 7 mpaka 9 Kaskazini Mashariki, 10 mpaka 17 Mashariki, 18 mpaka 22 Mkoa wa Kati, 23 mpaka 36 Bonde la Ufa, 37 mpaka 40 Magharibi, 41 mpaka 46 Nyanza, na 47 Nairobi. Mji mkuu uko mwisho kabisa. Yani mikoa iliyovunjwa na katiba hiyohiyo bado imelala ndani ya orodha yake, haijatajwa kwa jina lakini ndo iliyopanga foleni.

Jibu lenyewe sasa. Kaunti 47 ni wilaya za Kenya kama zilivyoandikwa kwenye sheria ya mwaka 1992, Sheria ya Wilaya na Mikoa. Sheria hiyo ilitaja wilaya 46 na Nairobi. Jumla 47. Katiba ya 2010 ilizichukua hivyohivyo zilivyo, ikazibadilisha jina na kuzipa madaraka.

Kwa nini sheria ya nyuma miaka 18 wakati kulikuwa na wilaya nyingi mpya? Hapo lazima turudi nyuma kidogo. Kenya ilipata uhuru Desemba 1963 ikiwa na katiba ya majimbo, majimbo saba na eneo la Nairobi, kila jimbo na bunge lake dogo. Haikudumu, KADU, chama cha upinzani kilichokuwa kikiutetea mfumo huo, kilijivunja Novemba 1964 kikajiunga na KANU, chama tawala, mwezi uliofuata nchi ikawa jamhuri, na majimbo yakageuka mikoa ya kiutawala chini ya PC (mkuu wa mkoa) na DC (mkuu wa wilaya) walioteuliwa na rais. Kuanzia hapo wilaya ikawa zawadi. Eneo likitaka kuletewa serikali karibu, au likipiga kura vizuri, rais anakuja mkutanoni anatangaza, kuanzia leo nyinyi ni wilaya, watu wanashangilia na DC mpya anatafutiwa ofisi. Kati ya 1993 na mwisho wa miaka ya tisini zikazaliwa Mwingi, Kuria, Malindi, Mbeere, Teso na nyingine nyingi, na awamu iliyofuata ikaongeza kasi mpaka wakati wa sensa ya 2009 wilaya zilikuwa zimevuka 150.

Shida ni kwamba nyingi za hizo hazikupita bungeni. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikaamua kwamba wilaya halali ni zile za sheria ya 1992 tu, zilizobaki zilitangazwa bila msingi wa kisheria. Miezi michache baadaye waandishi wa katiba walikuwa wanatafuta vitengo vya kugatulia madaraka, yani vya kushushiwa madaraka kutoka serikali kuu. Rasimu ya Novemba 2009 ya Kamati ya Wataalamu ilikuwa na ngazi tatu, taifa, majimbo na kaunti, lakini Kamati Teule ya Bunge ilipokaa Naivasha Januari 2010 ikaitoa ile ngazi ya katikati, zikabaki mbili. Sasa fikiria umekaa kwenye kile chumba, kila mbunge ana kijiji chake anataka kiwe kaunti, ukifungua mlango wa kuchora mipaka upya hamtatoka leo wala mwakani. Orodha ya 1992 ilikuwa na sifa moja kubwa: ipo tayari, ni halali, na hakuna aliyekuwa mezani angeweza kushtakiwa kwamba kaichora yeye. Rasimu ilipofika bungeni wabunge walileta mapendekezo ya marekebisho zaidi ya 100, hakuna hata moja lililopata kura za kutosha, na tarehe 1 Aprili 2010 ikapita kama ilivyo. Wananchi wakaipitisha kwenye kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti.

Kwa hiyo kilichoamua nani awe kaunti ni tarehe. Bomet ilitolewa Kericho, Migori ikatolewa Nyanza Kusini, Makueni ikatolewa Machakos, Vihiga ikatolewa Kakamega, zote zikawahi ile sheria na leo zina magavana wao. Mwingi ilitangazwa 1993, mwaka mmoja tu baadaye, ikarudishwa Kitui. Malindi ikarudi Kilifi, Kuria ikarudi Migori. Tharaka na Nithi ambao walikuwa washaachanishwa kuwa wilaya mbili walijikuta wamerudi kuwa kitu kimoja kwa kistari katikati. Keiyo na Marakwet vilevile, ndo mana jina rasmi la kaunti yao lina mkwaju, ile alama ya /: Elgeyo/Marakwet. Mimi kistari na mkwaju huo ndo vinanivutia kuliko kitu chochote kwenye lile jedwali, manake ni alama ya watu wawili waliopewa nyumba moja na sheria iliyoandikwa kabla hawajahama.

Mtu anaweza kusema sawa, ni majina tu, Mwingi au Kitui kuna tofauti gani. Tofauti iko kwenye pesa, na hapa inabidi twende polepole.

Katiba inasema kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, halafu Seneti inapitisha fomula ya kuzigawa, kwa mapendekezo ya Tume ya Ugavi wa Mapato. Fomula ya kwanza kabisa ilikuwa hivi: asilimia 45 kwa idadi ya watu, 25 mgao sawa kwa kila kaunti, 20 kwa umaskini, 8 kwa ukubwa wa ardhi, na 2 kwa nidhamu ya fedha. Hiyo 25 ndo ya kuangalia.

Chukulia harusi ya Pwani, watu wamekaa chini kwenye majamvi na pilau inaletwa kwa masinia. Mpishi ana sheria mbili. Ya kwanza, kila sinia inayotoka jikoni inawekewa fungu moja sawasawa, haijalishi wamekaa wanne au kumi. Ya pili, baada ya hapo anapita anaongeza kulingana na vichwa anavyoviona. Sasa nyinyi mko wanane mmezunguka sinia moja, na jirani zenu wako wanne wamezunguka ya kwao. Lile la nyongeza litawapa nyinyi zaidi, hakuna dhuluma hapo. Lakini lile fungu la kwanza, wale wanne wanalila wao, na nyinyi mnaligawana wanane. Mngekaa masinia mawili ya wanne wanne mngelipata mara mbili, watu ni walewale, njaa ni ileile, kilichobadilika ni idadi ya masinia tu.

Weka namba. Mwaka wa fedha wa 2013/14, wa kwanza wa ugatuzi, mgao wa kaunti ulikuwa shilingi bilioni 190. Robo yake ni bilioni 47.5, gawa kwa 47, kila kaunti karibu bilioni moja na kidogo. Lamu na watu wake 101,539 hiyo bilioni inakaribia shilingi 10,000 kwa kichwa. Kakamega yenye watu 1,660,651 bilioni hiyohiyo ni kama shilingi 600 kwa kichwa. Kwenye fungu la idadi ya watu Kakamega inapata mara 16 ya Lamu, ni kweli, na Lamu ina visiwa na boti za kulipia ambazo Kakamega haina, kuendesha serikali kuna gharama zake hata kama watu ni wachache, kwa hiyo siwezi kusema mgao sawa ni kosa. Ninachosema ni kwamba Mwingi ingewahi lile gari la 1992 ingekuwa na bilioni yake, hospitali ya kaunti yake, seneta wake na mwakilishi wa wanawake wake, na watu wa huko wakidai kaunti mpaka leo wana sababu ya kudai. Wa Kuria na wa Teso pia. Fomula imebadilishwa baadaye, ya tatu ilipiganiwa kwenye Seneti kikao baada ya kikao mpaka Septemba 2020, mgao sawa ukashuka kuwa asilimia 20, lakini haukuondoka.

Kwa msomaji wa Tanzania hii yote inaweza kuonekana ngeni, kwa sababu Tanzania mkoa mpya bado unatangazwa. Katiba inampa rais uwezo wa kuigawa nchi katika mikoa, ndo mana Geita, Katavi, Njombe na Simiyu zikaanza rasmi 2012, Songwe ikatoka Mbeya 2016, na hakuna aliyehitaji kubadilisha katiba. Mkoa wa Tanzania hauna gavana wa kuchaguliwa wala fungu la kikatiba, kwa hiyo kuongeza mmoja hakumnyang'anyi jirani chochote cha moja kwa moja. Kenya ilikuwa hivyohivyo mpaka 2010.

Utambulisho wa watu nao haujaifuata sheria moja kwa moja. Mikoa haipo kwenye katiba lakini mtu bado ni wa Pwani, wa Nyanza, wa Magharibi, na serikali kuu yenyewe bado ina makamishna wa kanda wanaokaa palepale alipokuwa anakaa PC. Kaunti sita za iliyokuwa Pwani zimeunda Jumuiya ya Kaunti za Pwani, na mipaka yake ni ya mkoa uleule. Halafu Tana River iko humo na iko pia kwenye umoja wa kaunti za kaskazini, jambo ambalo yeyote aliyewahi kufika Hola, makao makuu ya Tana River, na Garissa ya jirani ataliona la kawaida kabisa, maisha ya pale yanaelekea pande zote mbili.

Na mistari yenyewe kuna mahali haijatulia. Jedwali la Kwanza lina majina tu, halina ramani. Zamani mpaka wa wilaya ulimhusu DC na makarani wake, siku hizi unamhusu anayekusanya ushuru. Mackinnon Road, kimji kile cha barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi penye msikiti ambao madereva wengi husimama kuswali, kinagombaniwa na Kwale na Taita Taveta. Taita Taveta hiyohiyo inagombania Mtito Andei na Makueni. Soko la Sondu, Kisumu na Kericho wamevutana nani atoze ada. Maseno, Kisumu na Vihiga.

Kubadilisha mpaka kunawezekana, Kifungu cha 188 kimeeleza. Inaundwa tume huru, ikipendekeza mabadiliko yanahitaji thuluthi mbili ya Bunge la Taifa, yani wabunge 233 kati ya 349, na thuluthi mbili ya ujumbe wa kaunti kwenye Seneti, yani kaunti 32 kati ya 47. Hiyo ni ya kusogeza mpaka tu. Kuongeza ya 48 kunagusa lile jedwali lenyewe, na ya 48 ikiingia kila kaunti iliyopo inashuka kutoka moja ya 47 hadi moja ya 48 kwenye mgao sawa. Maseneta watakaotakiwa kuinua mikono ni walewale wa kaunti zitakazopunguziwa, na maombi yamekuja bungeni, tangu 2010 namba haijasogea.