Je, wajua? Khashayar ni jina lililokatwa mkia

Mwirani aitwaye Khashayar amebeba jina la Xerxes, mwana wa Dario, mfalme wa Uajemi kuanzia 486 hadi 465 KK. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili humfahamu zaidi kama Ahasuero wa kitabu cha Esta.

Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 KK, aliandika kwamba Xerxes maana yake ni mpiganaji, na Artaxerxes mpiganaji mkuu. Maelezo hayo yamenakiliwa vizazi kwa vizazi, lakini si sahihi. Kwa Kiajemi cha kale jina ni Xšayaršā: kwanza xšaya, kutawala, kisha aršan, mwanamume shujaa. Ni "atawalaye mashujaa". Artaxerxes, yule Artashasta wa Ezra na Nehemia, si Xerxes aliyeongezewa ukuu hata kidogo. Lake ni Artaxšaçā, arta ikiwa kweli na xšaça ufalme: mwenye ufalme uliosimama juu ya kweli. Majina hayo yanachangia shina la kutawala tu. Ni ndimi za Wagiriki zilizoyafananisha hivyo.

Artaxšaçā halikufa. Likalainika kuwa Ardashir, jina la mwanzilishi wa Wasasani, ukoo wa wafalme wa Uajemi, mwaka 224 BK, na leo ni Ardeshir. Xšayaršā ndilo lililopotea. Hata Shahnameh, utenzi wa Ferdowsi juu ya wafalme wa Uajemi uliokamilika mwaka 1010, haumtaji Xerxes.

Lilirudi kutoka kwenye mawe ya Persepolis, mji wa kale wa wafalme wa Uajemi karibu na Shiraz, Iran. Mwaka 1802 Mjerumani Georg Friedrich Grotefend alianza kuufumbua mwandiko wa kikabari, wenye alama za umbo la kabari, kwa kutafuta mfalme aliyezaliwa na mfalme, ambaye naye alizaliwa na mtu asiye mfalme. Akawapata: Xerxes, Dario, Hystaspes. Mwandiko ule hauonyeshi kila irabu, kwa hiyo matamshi yake kwa sehemu ni ya kukadiria.

Jina liliporudi midomoni mwa Wairani, lilisikika Khashayarsha. Masikio yaliyozoea kusikia shah, yaani mfalme, nyuma ya jina la mtawala yakaligawa papo hapo: Khashayar, shah. Sisi tumelifanyia neno kitabu jambo hilohilo. Kwa Kiarabu, ki ya kitāb haing'oki kama kiambishi, na wingi wake ni kutub. Lakini sikio la Mswahili liliisikia kama ki ya kiti na kisu, tukapata vitabu. Wairani nao waliondoa "cheo", wakabaki na Khashayar la kumpa mtoto wa kiume.

Kumbe ile sha ya mwisho ilikuwa kipande cha aršan, yule shujaa. Shah lenyewe limetokana na xšāyaθiya, mfalme, neno la shina lilelile la kutawala linaloanzia jina hili. Ufalme ulikuwa kichwani, wakaukata mkiani.