Pikipiki za cc 125 si zote ni moja
Kijiweni kwa bodaboda, Igoma, Mwanza, utasikia: “Mia na ishirini na tano ni ileile, tofauti ni stika.” Si kweli. Cc ni ujazo ambao pistoni inaufagia ndani ya silinda, basi. Haisemi valvu (vilango vya kuingiza hewa na mafuta na kutoa moshi) zinafunguliwaje. Honda CG125 ya miaka ya 1970, iliyonakiliwa sana China, kamshafti yake (shafti yenye nundu za kufungua valvu) iko chini na vijiti viwili virefu vinasukuma valvu. Haina cheni ya taimingi, ile ya kuzungusha kamshafti, ya kulegea. Nyingine kamshafti iko juu, inazungushwa na cheni hiyo. Injini hiyo inapenda kuzunguka kwa kasi, ila ikianza kulia cha-cha-cha ubavuni, huenda cheni imelegea, mwite fundi. Kupanda kilima cha Bugando kwa mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja (trafiki asisikie), mimi nahesabu kwanza meno ya sproketi ya nyuma (gurudumu la meno linaloshika cheni ya tairi): yakiwa mengi zaidi, pikipiki inavuta zaidi, spidi inapungua.