Kusoma Kiarabu si kukijua: dhana potofu kuhusu maahadi zetu, kutoka Mumias hadi Nakuru

Nafundisha Kiarabu, na kila shule zinapokaribia kufunguliwa wazazi huniuliza kuhusu maahadi, yaani vyuo vya Kiarabu na dini ya Kiislamu: mtoto apelekwe au asipelekwe, atatoka na nini, na je, hatapotea? Ni haki yao kuuliza. Kinachonisikitisha ni kwamba maswali mengi yamejengwa juu ya mambo ya kusikia, na mtoto huishia kupelekwa kwa sababu isiyo, au kunyimwa nafasi kwa sababu isiyo. Nayachukua hapa yale ninayoyasikia zaidi. La kwanza nitalikalia, kwa kuwa ndilo linalozaa mengine.

“Ustadh, mwanangu amehitimu juzuu zote, Kiarabu si anakijua tayari?”

Hakijui, na si kosa lake. Mtoto aliyemaliza juzuu thelathini za Qurani amefanya kazi kubwa na anastahili hongera. Lakini alichofundishwa madrasani ni kusoma: herufi 28, irabu za fataha (a), kisra (i) na dhuma (u), kisha tajwidi, yaani pa kuvuta, pa kughunisha (kutolea sauti puani), pa kusimama. Maana hakufundishwa. Mpe gazeti linalochapishwa Kairo, atakwama mstari wa kwanza, kwani msahafu umechapwa na irabu zake zote, ilhali vitabu na magazeti ya kawaida hayawekewi irabu. Herufi kaf, ta na ba zikiwa tupu zinaweza kuwa kataba, aliandika. Au kutiba, iliandikwa. Au kutub, vitabu. Asiyejua sarufi hana njia ya kuchagua.

Hapo ndipo kazi ya maahadi inapoanzia. Somo la sarf humwonyesha mwanafunzi jinsi neno linavyozaliwa kutoka mzizi wake. Somo la nahw humwonyesha jinsi mwisho wa neno unavyobeba maana ya sentensi nzima. Wanafunzi wapya wakiniuliza nahw ina faida gani, huwafungulia Qurani, sura Fatir, aya ya 28. Jina la Allah limetangulia, neno ulamaa limekuja baadaye, na kitenzi ni cha kuogopa. Kwa mpangilio wa maneno peke yake, sisi tuliozoea Kiswahili tungedhani Mungu ndiye anayewaogopa wanazuoni. Fataha iliyo mwishoni mwa jina la Allah na dhuma iliyo mwishoni mwa neno ulamaa ndizo zinazoweka jambo sawa: wanaomcha Mungu miongoni mwa waja wake ni wenye elimu. Irabu hizo mbili zikibadilishana mahali, maana inageuka kufuru. Mtoto wa darasa la hifdhi, la kuhifadhi Qurani, huisoma aya hiyo kwa sauti nzuri mno bila kujua kilichomo.

Ndugu zetu Wanubi wa Kibos, pale Kisumu, nao huambiwa kwamba wao Kiarabu wamezaliwa nacho. Kinubi kilikua midomoni mwa askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza kutoka kaskazini mwishoni mwa karne ya 19, na maneno yake mengi kweli asili yake ni Kiarabu. Lakini sarufi yake ni nyingine kabisa. Ni lugha kamili inayojitegemea. Mtoto wa Kinubi akiingia maahadi anayatambua maneno mengi kuliko jirani yake wa kabila la Wawanga wa Mumias au Mjaluo, kisha anakaa naye dawati moja kujifunza nahw kuanzia mwanzo. Mswahili naye ni vivyo hivyo. Kiswahili kimekopa maneno mengi kwa Waarabu, ila mifupa yake ni ya Kibantu.

“Miezi mitatu tu, atakuwa anazungumza”

Matangazo ya namna hii yamezidi, na ninawaomba wazazi wayakimbie. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kuwa mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji saa 2,200 za darasani ili akimudu Kiarabu vizuri kikazi. Sisi tunapunguziwa kiasi na yale maneno ya mkopo, lakini chukueni hesabu hiyo muitie katika ratiba zetu. Mtoto anayesoma Jumamosi na Jumapili asubuhi, saa tatu kila siku, kwa wiki arobaini, anapata saa 240 kwa mwaka. Atahitaji zaidi ya miaka tisa. Anayesoma saa mbili kila siku ya shule anapata 400, na safari inakuwa ya miaka mitano na nusu. Ndiyo maana maahadi ya kweli ina hatua, idaadi (ya kati) kisha thanawi (ya sekondari), na kila hatua inachukua miaka. Atakayewaahidi kwa miezi mitatu anauza salamu na majina ya matunda.

Kuna jambo jingine linalowahusu hasa mabinti wetu wanaojiandaa kwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Maahadi hufundisha fus'ha, Kiarabu cha vitabu, habari na ofisi. Jikoni kule watu huzungumza lahaja, na wiki za kwanza binti atababaika hata kama alipata alama nzuri. Hilo lisimkatishe tamaa. Lahaja ataizoea kwa kusikia. Mkataba ulioandikwa kwa Kiarabu hawezi kuusoma kwa kusikia. Kwangu mimi, kuujua mkataba kabla ya kutia sahihi ni sababu tosha ya kukaa darasani.

“Kiarabu ni cha Waarabu, na Uislamu ni wa Pwani”

Aliyekuwa imamu wa sarufi ya Kiarabu, Sibawayhi, alikuwa Mwajemi. Ibn Ajurrum, mwenye kile kijitabu cha nahw kinachohifadhiwa na wanafunzi kuanzia Lamu hadi Timbuktu, alikuwa Mberberi wa Fez, aliyefariki mwaka 1323. Imamu Bukhari, mkusanyaji mashuhuri wa hadithi, alizaliwa Bukhara, ambako leo ni Uzbekistan. Na vile vitabu vitatu vya Durusu al-Lugha, ambavyo maahadi nyingi huanzia navyo, mtungaji wake ni Mhindi aliyefundisha Madina. Wote hao walijifunza Kiarabu kama tunavyojifunza sisi, na wengine wao wakawafundisha Waarabu lugha yao wenyewe.

Ama hilo la Pwani, historia ya Mumias inatosha kulijibu. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa ikipumzika katika boma la Wawanga, njiani kuelekea Buganda, kabla ya reli kufika Kisumu mwaka 1901 na kabla ya Marafiki (Wakristo wa Quaker) kufungua misheni yao Kaimosi mwaka 1902. Hadi Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, anafariki mwaka 1949, Uislamu ulikuwa umeshaingia ndani ya jamaa za ukoo wa kifalme wenyewe. Kendu Bay, ng'ambo ya ghuba kutoka Kisumu, Wajaluo wanaswali katika msikiti wao tangu enzi za mababu. Kwa hiyo Mwanga au Mjaluo anayefungua kitabu cha fiqhi, sheria za ibada na maisha, hajavaa nguo ya kuazima.

“Asiye Mwislamu hana lake huko”

Masomo ya dini yana wenyewe, kweli. Lugha haina mlango uliofungwa. Kiarabu ni mojawapo ya lugha rasmi za Umoja wa Mataifa tangu mwaka 1973. Wakristo wa Misri na Lebanoni huswali kwa Kiarabu na humwita Mungu Allah. Biblia yao inayosomwa zaidi, tafsiri ya Van Dyck, ilikamilika mwaka 1865. Hapa kwetu Afrika Mashariki, tafsiri ya kwanza ya Qurani nzima kwa Kiswahili kuchapishwa, mwaka 1923, ilifanywa na kasisi wa misheni ya Zanzibar, Godfrey Dale. Waislamu waliipinga, na Sheikh Abdallah Saleh Farsy akaja kukamilisha ya kwake mwaka 1969, lakini hakuna aliyesema kwamba kasisi hakuruhusiwa kujifunza lugha. Katika KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, Kiarabu ni somo la lugha, fungu moja na Kifaransa na Kijerumani. Elimu ya dini ya Kiislamu ni somo lake mbali. Maahadi inayofungua madarasa ya lugha jioni kwa majirani wote inafanya jambo jema, na natamani nyingi zaidi zifanye hivyo.

“Huko watoto wanatiwa itikadi kali”

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, na nalijibu kwa sauti ya kawaida. Fiqhi huanza na maji: yapi yanatwaharisha na yapi hayatwaharishi. Kutoka hapo ni udhu, swala, zaka, saumu, ndoa, biashara, mirathi. Katika kila mlango mwanafunzi anakutana na ikhtilafu, yaani tofauti za maimamu. Kwa Shafii, mume na mke wakigusana ngozi kwa ngozi udhu unatenguka. Kwa Abu Hanifa hautenguki. Shafii alisoma kwa Malik pale Madina, akamheshimu maisha yake yote, na akatofautiana naye katika mengi. Kijana anayekaa miaka minne akipima dalili za maimamu wanaopingana bila kukufurishana anazoea jambo ambalo mhubiri wa chuki hataki alizoee. Misikitini kwetu anaona kwa macho: anayefuata Shafii anaomba dua ya kunuti alfajiri, jirani yake wa Kihanafi haombi, na safu ni moja. Anayenaswa kirahisi ni yule anayejua aya tatu na hajui zinavyosomwa.

Hata hivyo sisemi mzazi afumbe macho. Uliza chuo kimesajiliwa wapi, walimu walisomea wapi, vitabu ni vipi. Ingia mabwenini. Chuo kitakachokuzuia kuona anapolala mwanao, mchukue mwanao urudi naye nyumbani.

Na hapo niliseme la fimbo, maana wapo wanaoamini kuwa bila bakora Qurani haiingii. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imepiga marufuku adhabu ya viboko, na Katiba, kifungu cha 29, inamlinda kila mtu dhidi ya ukatili. Madrasa haijatengwa na sheria hizo. Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka kumi tangu utotoni, akasimulia kwamba Mtume hakuwahi hata kumgunia. Mwalimu anayepiga anamfundisha mtoto kukichukia kitabu, na nimewapokea vijana wengi ambao wakisikia neno madrasa mabega yao yanapanda.

“Cheti cha maahadi hakina kazi”

Dhana hii ina ukweli nusu, na nusu hiyo isifichwe. Cheti cha thanawi hakichukui nafasi ya KCSE. Ukitaka kusajiliwa na TSC, tume ya walimu, au kuingia chuo cha uuguzi, au polisi, utaulizwa KCSE. Vijana wengi wenye akili nzuri wameumia kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema. Swali la kwanza kwa mudiri, mkuu wa chuo, liwe hili: je, wanafunzi wenu hufanya mtihani wa taifa, na hufanya wakiwa wamefundishwa Hisabati na Kiingereza ipasavyo? Akianza kuzungukazunguka, umeshajibiwa.

Nusu ya pili ni kwamba mwenye vyeti vyote viwili ana milango ambayo mwenzake hana. Vyuo vikuu kama cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, na Al-Azhar ya Misri hupokea wanafunzi wa thanawi kutoka maahadi ambazo zimepata muadala, yaani kutambuliwa rasmi. Basi ulizeni na hilo. Hapa nchini kuna Chuo Kikuu cha Umma, Kajiado. Shule zinahitaji walimu wa dini na wa Kiarabu. Mahakama za Kadhi, zilizo katika Katiba kifungu cha 170, huamua ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu waliokubali kwenda mbele yake, na Kisumu na Nakuru zipo. Kadhi lazima awe na elimu ya sheria ya Kiislamu inayoiridhisha Tume ya Huduma za Mahakama. Benki za Kiislamu, zilizoanza kazi Kenya mwaka 2008, haziwezi kwenda bila watu wanaoelewa murabaha (kuuza kwa faida iliyotajwa wazi) na mudharaba (ubia wa mwenye mtaji na mwenye kazi).

“Msichana atasomea nini, na mimi mzee je?”

Bibi Aisha, mke wa Mtume, amepokewa hadithi 2,210. Karima al-Marwaziyya alikuwa akisomesha hadithi za Bukhari Makka katika karne ya 11, na wanazuoni wanaume walimwendea kupokea kutoka kwake. Zaidi ya mifano hiyo kuna haja ya kila siku: hukumu za hedhi na nifasi (damu ya uzazi) zinajaza kurasa katika fiqhi, na wasichana wetu hawawezi kumuuliza ustadh mwanamume kila jambo. Bila wanawake waliosoma hadi thanawi na kupita, wataendelea kuuliza rafiki zao.

Kwa watu wazima, Qaffal wa Marw, mmoja wa mafakihi wakubwa wa Kishafii, alikuwa fundi wa kufuli, na inasimuliwa kuwa alianza kusoma akiwa na miaka thelathini hivi. Darasa la baada ya Maghribi, mara tatu kwa wiki, halitakufanya mwanazuoni. Baada ya mwaka mmoja wa kuhudhuria bila kukosa, Fatiha na sura fupi unazozisoma katika swala utakuwa unazifahamu neno kwa neno. Anzeni na hizo, na njooni na daftari.